Deni la kahawa na neema ya bure: Walokole wa mpakani wanaamini nini?

Siku moja ya soko pale Mpondwe, mama mmoja anayenunua mawese kutoka Kasindi aliniita kando ya madumu yake na kuniuliza swali lililonifanya nisahau sukari niliyotumwa nyumbani. Alikuwa ameokoka wiki tatu zilizopita, kwenye mkutano wa injili hapa Bwera.

"Mwalimu," alisema, "tumeambiwa dhambi zote zimefutwa, za jana na za juzi. Sasa yule Mkongomani niliyemdhulumu madumu manne ya mawese mwaka juzi, deni lake nalo limefutwa?"

Nilicheka kidogo. Yeye hakucheka.

Sikumjibu papo hapo, na sababu si kwamba sijui mafundisho. Swali lile niliwahi kulibeba mwenyewe kwa miaka mitano, na halikuwa jepesi. Wasomaji wengi wa ukurasa huu ni watu wa kuvuka: waliorudi kama mimi, na wale wanaovuka asubuhi na kurudi jioni wakiwa na mizigo kichwani. Kwetu sisi deni si mfano wa mahubiri. Ni kitu kilichoandikwa kwenye daftari la mtu fulani, ng'ambo au huku.

Nilikuwa na miaka minne tulipovuka mto Lhubiriha mwaka 1985, vita ya msituni ilipofika upande wetu wa magharibi. Tulipita Kasindi, tukakaa kwanza Mutwanga chini ya mlima uleule wa Rwenzori, ila sasa jua lilikuwa likichomoza nyuma yake. Baadaye nikapelekwa kwa shangazi Oicha, kaskazini ya Beni, ambako nilisoma hadi kumaliza sekondari kwa Kifaransa na Kiswahili. Lugha ya nyumbani haikupata shida. Kambale wa Beni ndiye Bwambale wa Bwera, mtoto wa pili wa kiume. Tofauti ni mwanzo wa jina tu.

Oicha ni mji wa wamisheni. Hospitali yake ilianzishwa miaka ya 1930 na daktari Mmarekani, Carl Becker, wa Africa Inland Mission, aliyewatibu wakoma wengi sana. Kanisa lililozaliwa na misheni hiyo leo linaitwa CECA 20, yaani jumuiya namba 20 katika muungano wa makanisa ya Kiprotestanti ya Kongo. Huko ndiko nilikofundishwa imani, kwa ubao na chaki, kama hesabu.

Kabla sijaendelea, niondoe utata wa neno. Nikisema Wakristo wa kiinjili simaanishi wainjilisti, wale watumishi wa kanisa wanaotembea vijijini na baiskeli. Namaanisha watu walio katika makanisa mengi tofauti, Waanglikana, Wabatisti, Wapentekoste na wengineo, ambao wanashika kiini kimoja. Mwanahistoria Mwingereza David Bebbington aliwatambua mwaka 1989 kwa alama nne: wanaiweka Biblia juu ya mamlaka nyingine zote, wanauweka msalaba katikati, wanadai mtu abadilike moyoni mwake mwenyewe, na hawatulii bila kufanya kazi ya imani yao. Kwetu watu hao tumewaita kwa neno moja la Kiganda: walokole, waliookoka.

Kiini chenyewe si kirefu. Ukurasa mmoja wa daftari unatosha. Mungu ni mmoja, naye ni Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Jambo la Mwana kuwa Mungu kweli lilijadiliwa na maaskofu huko Nikea mwaka 325, si jipya la wamisheni. Yesu alizaliwa na bikira, akafa msalabani kwa ajili ya wenye dhambi, akafufuka kwa mwili, si kwa mawazo ya wanafunzi wake. Mpaka hapo mlokole na jirani yake Mkatoliki wanakubaliana zaidi ya wanavyodhani wanapobishana kwenye matatu ya Kasese. Tena Yesu atarudi, na siku yake hakuna aijuaye. Laiti hilo la mwisho lingeshikwa vizuri! Wale waliopanga tarehe za mwisho wa dunia waliteketeza mamia ya watu huko Kanungu, Machi 17, 2000, wala Kanungu si mbali na sisi. Na mwaka 2023 huko Shakahola, Kenya, zilifukuliwa maiti zaidi ya 400 za watu wengi waliofunga kula ili wamwone Yesu. Mafundisho mabaya huua, tena hayachagui msomi wala mjinga.

Lakini jambo linalowatofautisha walokole, na ndilo alilouliza yule mama, ni hili: mtu hapatanishwi na Mungu kwa matendo yake, wala kwa sadaka, wala kwa ukoo. Anapatanishwa kwa neema, akiipokea kwa imani, kwa sababu Kristo amelipa mahali pake. Mtume Paulo aliliandika hilo kwa Waefeso na kwa Warumi, na Martin Luther alilirudia kwa sauti kubwa mwaka 1517 alipopinga uuzaji wa vyeti vya msamaha kule Ujerumani. Bure. Neno dogo, na kwa mfanyabiashara ni neno la kutia shaka. Kitu cha bure pale mpakani mara nyingi kina ushuru wake mbele.

Sasa nirudi kwa baba yangu.

Kabla ya vita alikuwa akipeleka kahawa ya watu Kasese kuuza. Mzee mmoja rafiki yake, wa kijiji kilicho juu ya Bwera, alimkabidhi magunia saba. Si yake yote. Alikuwa ameyakusanya kwa majirani kwa ahadi kwamba watalipwa baba akirudi. Baba aliuza, akapata shilingi 168,000 za wakati ule. Wiki hiyohiyo risasi zikasikika, tukavuka. Fedha zilivuka nasi. Zikatulisha, zikanunua mahema mawili na dawa ya mdogo wangu, zikaisha.

Baba aliokoka huko Mutwanga. Aliimba, alishuhudia, aliacha pombe. La kahawa hakulitaja kanisani hata siku moja. Mwaka 1999, alipokuwa akifa, aliniita mimi peke yangu, akanitajia jina la yule mzee, idadi ya magunia na kiasi cha fedha. Kisha akasema, "Mwanangu, Mungu amenisamehe. Yule bado hajui kama niliomba." Maneno hayo nimeyachunguza kwa miaka yote hii kuliko mahubiri yoyote niliyowahi kusikia.

Nilirudi Uganda mwaka 2000, nikaingia chuo cha ualimu kuanza upya kwa Kiingereza, maana cheti changu cha Kongo huku hakikunipa kazi. Tulikaa kwa mjomba. Shamba la baba lilikuwa likilimwa na mtoto mkubwa wa yule mzee. Hapo ndipo mtego ulipokuwa. Nikienda kukiri deni, ninamthibitishia kwamba shamba amelishika kwa haki. Nikinyamaza na kudai shamba kwa mwenyekiti wa LC, ninadai nikiwa mwana wa mwizi, na mimi najua. Nilinyamaza. Kila Jumapili niliimba na walokole wenzangu, na kila Jumapili nilikaa upande ambao familia ya yule mzee haikai.

Katika hali hiyo nilimwendea mhubiri mmoja mjini Kasese, ambaye sitamtaja wala kanisa lake. Alinisikiliza dakika tano. Akasema ukoo wetu una laana, na laana haikatiki mikono mitupu, nipande mbegu. Nilipanda nusu ya mshahara wangu. Mwezi uliofuata akasema mbegu ilikuwa ndogo. Sisemi haya kumkomoa. Nasema kwa sababu wafanyabiashara wengi wa Mpondwe wanapanda mbegu za aina hiyo kila wiki, wakiamini kwamba huo ndio wokovu. Huo ni uuzaji uleule wa vyeti alioupinga Luther, isipokuwa siku hizi kuna kipaza sauti. Kama neema inanunuliwa, basi msalaba ulikuwa wa nini?

Walokole wa zamani wasingenidai shilingi. Wangenidai ukweli, na ukweli ni ghali zaidi. Uamsho wa Afrika Mashariki wengi wetu tunaujua kwa wimbo wa Tukutendereza tu, lakini una historia yake. Mwaka 1929, katika kilima cha Namirembe, Muganda Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church walikaa pamoja na Biblia zao, wote wakiwa wamechoka na ukristo wa jina. Kutoka hapo moto ukawaka Gahini, Rwanda, alikofanya kazi Church. Mwaka 1935 ukafika Kabale. Ukaingia Ankole, Kenya na Tanganyika. Mwaka 1941 wanafunzi 26, William Nagenda akiwa mmoja wao, walifukuzwa chuo cha Mukono kwa ukaidi wa uamsho huo. Watu hawa hawakuhama Kanisa la Uganda. Walikaa ndani yake wakiliudhi.

Waliliudhi kwa nini? Kwa sababu walitembea nuruni, kama walivyosema wenyewe wakifuata waraka wa kwanza wa Yohana. Mtu alisimama mbele ya ndugu akataja dhambi kwa jina lake: nimeiba misumari ya misheni, nimekula fedha za kodi. Kisha akarudisha. Watumishi walirudisha vijiko na mashuka, wafugaji wakarudisha ng'ombe. Wenye vyeo waliona aibu, na kweli maungamo mengine yalizidi mpaka yakavunja nyumba za watu. Sina haja ya kulificha hilo. Kufikia miaka ya 1970 lilitokea hata kundi la waliozinduliwa upya, lililowakataza ndugu kukopa fedha kabisa. Nikifikiria Bwera bila kukopa, naona soko limefungwa kabla ya saa nne asubuhi.

Mwaka 2005 mlokole mmoja mzee wa Kanisa la Uganda, ambaye sasa ni marehemu, aliniuliza swali moja tu: "Mwalimu, unaogopa kupoteza shamba au unaogopa kupoteza jina?" Jumamosi iliyofuata nilipanda mlima.

Yule mzee alinipokea vizuri. Mkewe akaleta chai ya rangi. Nilieleza yote bila kupumzika, nikatoa karatasi niliyokuwa nimepigia hesabu. Hesabu yenyewe ilikuwa kichekesho. Mwaka 1987 serikali ilibadilisha fedha, ikafuta sifuri mbili na kukata asilimia 30 juu yake. Kwa hiyo zile 168,000 zilikuwa 1,680, na baada ya makato 1,176. Mwaka ule wa 2005 hiyo ilikuwa karibu bei ya kilo moja ya sukari. Lakini ukihesabu kwa magunia, saba ya kahawa safi kwa bei ya siku ile, ilikuwa mshahara wangu wa miezi mingi. Kilo ya sukari au mshahara wa miezi mingi: nilipe lipi?

Mzee aliitazama karatasi, akaigeuza upande wa pili kama anayetafuta kitu, akanirudishia.

"Hili deni lililipwa, mwanangu," alisema. "Halikulipwa na baba yako, lakini lililipwa. Wale majirani wenye kahawa walikuja mlangoni kwangu mwaka 1986. Niliuza mbuzi kumi na mmoja. Mimi nilimsamehe baba yako siku nilipomuuza wa mwisho, maana kabla ya hapo nilikuwa bado natumaini atarudi nimkamate."

Nilisoma Oicha miaka mingi kwamba Kristo alilipa mahali petu. Niliweza kuiandika aya hiyo kwa Kifaransa bila kosa. Lakini siku ile, nikiwa na kikombe mkononi, ndipo nilipoelewa kwamba msamaha wa bure si wa bure kwa anayeutoa. Kuna mtu aliyeuza mbuzi wake. Kwangu ilikuwa zawadi, kwake ilikuwa zizi tupu.

Ningependa kuishia hapo, lakini mtoto wake mkubwa alikuwa amesimama mlangoni. Yeye hakuwa mlokole, na hakuwa na sababu ya kunihurumia. "Neema ya mzee ni nzuri," alisema, "ila wale mbuzi walikuwa wa mahari yangu." Alioa miaka sita baada ya muda wake, na binti aliyemtaka alikuwa ameshaolewa. Mtu anayejua mahari ya Wakonzo ni mbuzi hatahitaji maelezo zaidi.

Tangu mwaka 2006 hadi 2011 nilimpelekea yule kaka mbuzi kumi na mmoja, mmoja mmoja, kadiri mshahara ulivyoruhusu. Jirani zangu walidhani nanunua msamaha. Msamaha nilikuwa nao tayari. Mzee alishaniombea na kunishika mkono. Kama nisingekuwa nao nadhani nisingepeleka hata mbuzi wa kwanza, ningekuwa bado najificha. Luka anasimulia habari ya Zakayo, mtoza ushuru wa Yeriko, aliyetangaza kurudisha mara nne kwa aliowadhulumu, lakini aliyasema hayo baada ya Yesu kuamua kukaa nyumbani kwake. Mpangilio huo ndio fundisho zima. Ukiugeuza, ukaweka malipo mbele na Yesu nyuma, unapata dini nyingine kabisa.

Shamba? Nusu lilirudi, baada ya kaka kuvuna muhogo wake. Nusu nyingine tunaendelea kuizungumza mbele ya mwenyekiti wa LC1. Mbuzi wa kumi na mmoja alimpokea bila kusema neno, akamfunga kwenye mti, akaingia ndani.

Lakini kuna jambo zito kuliko mbuzi, na mwalimu wa Bwera hawezi kuandika juu ya neema akalikwepa. Usiku wa Juni 16, 2023, waasi wa ADF waliingia shule ya sekondari ya Lhubiriha pale Mpondwe wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi, baadhi kwa kuchomwa mabwenini. Wiki kadhaa baadaye kijana mmoja wa darasa langu, aliyempoteza ndugu yake, aliniuliza katika kipindi cha dini: "Mwalimu, wale wakitubu, Mungu atawasamehe bure?"

Fundisho linasema ndiyo. Halina mlango wa pembeni. Kama neema ina kiwango cha juu cha dhambi, basi sote tunarudi kwenye mizani, na hakuna anayejua uzito wake. Tena fundisho hilohilo linasema kuna hukumu, na kwamba damu ya aliyeuawa haisahauliki mbele za Mungu, wala toba haimzuii hakimu wa duniani kufanya kazi yake. Yote hayo nayaamini. Lakini siku ile sikuyasema. Nilimwambia yule kijana kwamba swali lake ni la haki na kwamba si lazima alimalize mwaka huu. Mwalimu mwenzangu alinilaumu kwamba nilikosa ujasiri wa injili. Huenda ni kweli.

Askofu Festo Kivengere wa Kigezi alipita njia hiyo kabla yetu. Baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa Februari 1977, Kivengere na mkewe walitoroka usiku, wakapanda milima kwa miguu mpaka Rwanda. Mwaka huohuo alichapisha kitabu ambacho jina lake peke yake liliwashangaza wakimbizi wenzake: I Love Idi Amin. Alieleza kwamba hakumpenda Amin kwa urahisi. Chuki ilikuwa ikimla, akalazimika kuipeleka msalabani. Alirudi nyumbani baada ya Amin kuanguka mwaka 1979. Nawaambia waliorudi wenzangu: huyu hakuwa mhubiri wa mbali aliyezungumza juu ya msamaha akiwa amekaa salama. Alikuwa mkimbizi.

Na kabla yake, Apolo Kivebulaya, Muganda aliyevuka kwenda Mboga mwaka 1896, kabla mpaka haujachorwa vizuri. Alisingiziwa kifo cha dada wa chifu Tabaro, aliyekuwa ameangukia mkuki, akapigwa na kufungwa Fort Portal. Alipoachiwa alirudi kulekule Mboga, na hatimaye Tabaro mwenyewe akabatizwa. Apolo alifariki mwaka 1933, na inasimuliwa kwamba aliomba azikwe kichwa kikielekea magharibi, msitu wa Kongo, kinyume cha desturi. Kaburi lake liko upande ule wa mpaka.

Basi yule mama wa mawese. Nilimjibu siku ya soko iliyofuata. Nilimwambia dhambi yake imefutwa, lakini madumu ya yule Mkongomani hayajarudi nyumbani kwake, na kwamba sasa anaweza kwenda bila kuogopa, kwa kuwa hakuna anachokwenda kununua. Alinyamaza, kisha akaniuliza dola inauzwaje leo kwa wabadilishaji wa pale juu.

Alivuka Ijumaa. Mwanamume mwenyewe hakumkuta, alikuwa amekwenda Butembo. Mkewe aliyapokea madumu manne, akayafungua moja moja na kunusa, akauliza la tano la kungojea liko wapi. Mama alipokuwa akinisimulia alikuwa tayari anamtafuta mtu wa chukudu wa kumpelekea.